Mpimaji na Mchoro wa Vyumba Vinne

Kosa langu la kwanza katika kazi ya kuchora maoni ya wateja lilikuwa la mstari mmoja. Niliuhamisha kutoka mahali pake. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, kazi nilijifundisha mwenyewe kutoka kitabu kisicho na jalada, na mchoro wangu wa kwanza ulitoka mbaya. Alama zote zilisongamana kwenye kona moja kama watu waliokimbilia kibarazani mvua ilipoanza. Niliona haya kuupeleka kwa tajiri wangu ukiwa hivyo. Nikausogeza mstari wa katikati mpaka alama zikatawanyika, mchoro ukapendeza, na mtu mmoja akapoteza nafasi yake kwenye kaunta.

Mtu huyo ndiye ninayetaka kumweleza.

Sisi tulimwita Mpimaji. Jina lake lilikuwepo kwenye karatasi za ajira na mimi, kama karani, nililiandika mara nyingi, lakini sikumbuki mtu aliyelitamka. Duka letu la vitambaa lilikuwa Kariakoo, mtaa wa pili kutoka sokoni, na kazi yake ilikuwa kupima na kukata. Hata mkewe, aliyemletea chakula siku za Ijumaa, alisimama mlangoni na kuuliza, "Mpimaji yupo?" kama mtu anayeulizia ofisi.

Kaunta yake ilikuwa ubao mmoja mrefu wa mninga, umepigiliwa misumari miwili ya shaba ambayo kati yake ilikuwa mita moja. Alilifungua jora kwa kulirusha, likajikunjua lenyewe mara tatu au nne kwenye ubao, kisha mikono yake ikaanza kwenda na kurudi kati ya misumari. Macho hayakushuka. Alimwangalia mteja wakati wote, kwa uso wa mtu aliyeambiwa amsubiri mgeni na mgeni amechelewa. Kitambaa cha pamba alikitia mkasi kidogo tu ukingoni, kisha akakipasua kwa mikono, na sauti ya kupasuka ilifika mpaka kwa wauza vyombo wa upande wa pili. Alikuwa na utepe wa kupimia shingoni. Sikuwahi kumwona akiutumia. Nilipomuuliza unamsaidia nini, alisema unamsaidia kujulikana.

Mdomo wake ulikuwa habari nyingine. Siku moja dada mmoja alikuja, akashika kitambaa chekundu, akauliza, "Mzee, hiki hakichuji?"

"Kinachuja."

"Sasa mbona mnakiuza?"

"Umeuliza kama kinachuja."

Dada alikinunua. Siku nyingine kijana mmoja aliyekuwa anajiandaa kuoa alitaka kitambaa cha suti. Akauliza kwa adabu, "Shikamoo mzee. Mita tatu zitanitosha?"

"Marahaba. Leo zinakutosha. Ukishaoa, sijui."

Kulikuwa na mama aliyemfungulisha majora mpaka kaunta haikuonekana, kisha akasema atarudi. Mpimaji alianza kuyakunja upya, polepole, akamwambia, "Rudi mapema, mama. Na mimi nastaafu." Mteja mwingine, mama mnene wa Buguruni ambaye alinunua kwetu kila mwaka kabla ya sikukuu, aliomba mita nne kama kawaida. Mpimaji akamtazama toka juu mpaka chini. "Nne zilikuwa za mwaka jana. Chukua nne na nusu." Tajiri, aliyekuwa ameketi nyuma ya kioo chake, alifumba macho. Mama akacheka, akachukua nne na nusu, na fundi wake baadaye akathibitisha kwamba nne zisingetosha.

Kauli hiyo alijifunzia miaka ya foleni. Wakati huo kitambaa kilikuja kwa mgao, na kilipokuja, watu walipanga mstari tangu alfajiri bila kuuliza rangi. "Siku hizo mteja alikuwa mtu anayeshukuru," aliniambia. Kisha ikaja ruksa ya kuagiza mali kutoka nje. Majora yakaanza kushuka kutoka Dubai na kwingineko, kila mlango ukawa duka, na chini ya kila ngazi likawa duka jingine dogo. Vijana wakasimama barabarani kuwaita wapita njia: karibu dada, ingia uone, kuona ni bure. Mpimaji aliichukulia tabia hiyo kama ugonjwa. "Mtu anayejua anachotaka haitwi," alisema. Tajiri alimjibu kwamba asiyejua anachotaka naye ana pochi. Mpimaji hakubisha. Hakuita mtu pia.

Sitaki kumfanya mtakatifu. Kwenye kaunta hakumwibia mtu hata upana wa uzi, lakini mchana, duka lilipopoa, alicheza drafti barazani kwa vifuniko vya soda, na kwenye drafti alikuwa mwizi. Alihamisha kete huku akikuuliza habari za nyumbani. Ukimkamata, alirudisha kete bila kuona haya na kukusifu kwa kuwa macho. Wenzake walimzoea. Walisema kumshika Mpimaji anaiba ndiyo nusu ya utamu wa mchezo.

Mimi nilikuwa kinyume chake. Nilikuwa naandika lebo za bei na barua za duka, na barua moja niliweza kuiandika mara tano kwa sababu ya herufi iliyoinama. Nilikagua kufuli ya kabati, nikatoka, nikarudi kuikagua tena. Mpimaji aliniona siku moja nikirudi mara ya tatu. "Karani," akasema, "hiyo kufuli ikikuchoka itafunguka yenyewe."

Kitabu changu nilikinunua kwenye mkeka wa vitabu vya mitumba karibu na soko la Mchikichini. Kilikuwa cha Kiingereza, kurasa za mwanzo hazipo, na nilikisoma kwa kamusi muda wa miezi mingi. Sura moja ilinishika. Ilisema hivi: usimuulize mteja tu kama ameridhika. Muulize pia kila jambo lina umuhimu gani kwake. Halafu chora. Umuhimu unapanda kwenda juu, kuridhika kunakwenda kulia. Pitisha mstari mmoja wa kusimama katikati na mmoja wa kulala, upate vyumba vinne. Cha juu kulia ni mambo muhimu yanayofanywa vizuri, endelea hivyo. Cha juu kushoto ni mambo muhimu yanayofanywa vibaya, shughulikia haraka. Cha chini kushoto ni mambo madogo yanayofanywa vibaya, yasikusumbue. Cha chini kulia ni mambo madogo ambayo unayahangaikia kupita kiasi, punguza nguvu huko. Nilipoelewa, nilishindwa kukaa kitini. Niliona dunia nzima inaingia kwenye vyumba hivyo vinne na kutulia.

Wakati huohuo mbele yetu lilifunguliwa duka jipya lenye vioo, feni mbili na viti vya wateja. Tajiri wetu alikuwa Mhindu aliyerithi duka kwa baba yake, mtu mpole, mwepesi wa kukosa usingizi. Alianza kuhesabu watu wanaoingia kule mbele. Nikampelekea kitabu, nikamfungulia ukurasa wa vyumba vinne, nikamweleza. Akasema, "Uliza."

Niliandika fomu yenye mambo sita: bei, aina za vitambaa, kauli, kasi, kipimo, na joto la duka. Mfano wa kitabu ulikuwa hoteli ya nchi ya baridi, na jambo lao la kwanza lilikuwa joto la chumba, nami niliogopa kuacha kitu. Nikaijaribu fomu kwa Mpimaji kabla ya kuitoa.

"Joto la duka," akasoma. "Unataka wakwambie nini?"

"Kama wanaridhika nalo."

"Wakisema hawaridhiki?"

Nikaisoma fomu upya.

"Utaihamisha Dar es Salaam?"

Nikalifuta. Yakabaki matano.

Niliuliza kwa wiki tatu. Nilisimama karibu na mlango na ubao wa kuandikia, mteja akimaliza kununua namuuliza, anatoa alama kuanzia moja hadi tano. Tajiri alisimama hatua moja nyuma yangu, kwa sababu alitaka kusikia mwenyewe. Yeyote aliyewahi kukaa Dar atajua kilichotokea. Watu walimwona mwenye duka, wakaniona na kalamu, wakaona si ungwana kumsema mtu mlangoni kwake. "Bei?" "Nimeridhika, baba." "Kauli?" "Nzuri tu, Mungu awazidishie." "Umuhimu wa kipimo?" "Muhimu." "Wa kasi?" "Nao muhimu." Mama mmoja aliuliza kama wanaojibu wanapewa khanga. Alipojua hawapewi, alitoa nne badala ya tano.

Basi nilipochora, mambo yote matano yalikaa chumba kimoja, juu kulia, kati ya nne na tano. Vyumba vitatu vilibaki vitupu. Mchoro sahihi ulikuwa huo. Ulikuwa unasema: watu wamekujibu kwa adabu, na tofauti kati ya jambo na jambo ni ndogo mno, usiamue kitu. Mimi niliona karatasi yenye uchafu kwenye kona moja. Niliichora tena mara saba, mara nyingine nikafuta mpaka karatasi ikatoboka. Halafu nikakuta kwenye kitabu sentensi inayosema mistari ya katikati inaweza kupitishwa kwenye wastani wa alama zenyewe, badala ya kwenye tatu. Sentensi iliyofuata ilisema usifanye hivyo kama alama zote ziko karibukaribu, kwa kuwa lazima kitu kiangukie chumba kibaya hata kama hakuna kibaya. Niliisoma. Nakumbuka nilivyoisoma. Kisha nikafunua ukurasa uliofuata.

Nikapitisha mistari kwenye wastani, nikakuza sehemu ile ndogo mpaka ikajaza karatasi nzima, na mambo yakatawanyika vizuri. Kauli, iliyopitwa na mengine kwa upana wa ncha ya penseli, ikaenda juu kushoto. Kipimo, ambacho kila mtu alikipa tano ya kuridhika na nne ya umuhimu, kikaenda chini kulia. Mchoro nikautia wino wa rangi mbili, nyekundu juu kushoto na buluu chini kulia.

Tajiri aliutandaza mezani kwake. Akaweka kidole juu kushoto. "Chumba hiki anakaa nani?"

"Kauli."

"Kauli ya nani?"

Kwenye kaunta yetu kulikuwa na mdomo mmoja tu. Hapo ndipo nilipaswa kusema kwamba wateja wote wameridhika, tofauti ni kama hakuna. Nikasema, "Huo wekundu ni wino wa kudumu, tajiri, haufutiki."

"Na huyu wa chini?"

"Kipimo. Kitabu kinasema tunakihangaikia kupita kiasi."

"Basi tupunguze," akasema, akavua miwani.

Jumatatu alimwita Mpimaji na kumwambia kwa upole mwingi kwamba atahamia stoo, ghorofani, kupokea na kupanga majora. Mpimaji aliuliza swali moja. "Wateja wamesema?"

"Wateja wamesema. Karani amechora."

Mchoro ulikuwa tayari ukutani, nimeutia fremu. Aliusogelea, akaukagua kwa muda mrefu, kisha akaniuliza mimi, si tajiri. "Hiki kidoti chekundu ndiyo mimi?"

"Ndiyo kauli, mzee."

Akavua utepe wa shingoni, akaukunja, akapanda ngazi.

Nafasi yake ilichukuliwa na dada mmoja wa Moshi, mchangamfu, mwenye mikono myepesi. Aliwasalimu watu, akawauliza watoto hawajambo, akapima msumari kwa msumari na kukata pale pale. Foleni kwenye kaunta iliisha. Tajiri alianza kulala. Mimi niliutazama mchoro kila asubuhi kama mtu anayetazama cheti.

Huko juu Mpimaji alikaa kimya. Si kimya cha kununa, maana ukimsalimu aliitikia, ukimuuliza jora liko wapi alikuonyesha. Maneno yake tu yalikuwa yamekatika. Na kwenye drafti akaacha kuiba. Alicheza kwa haki, akafungwa kila siku, akainuka na kusema asante. Baada ya wiki mbili wenzake walinijia. Mmoja wao, muuza masufuria, akaniuliza, "Mmemfanya nini mzee wa watu? Hata kete haihamishi." Nikasema ni uchovu wa ngazi.

Siku iliyogeuza mambo alikuja fundi wa Ilala. Huyu alikuwa mama mshonaji wa sare za shule, mteja wetu wa miaka mingi, na alikuja na kikapu cha sketi za bluu zilizokwisha fuliwa. Akazimwaga kwenye kaunta.

"Nani anapima hapa?"

"Mimi, mama," akasema dada wa Moshi. "Karibu."

"Sikuja kukaribishwa. Tazama hizi. Nimeshona kwa urefu wote wa kitambaa, zimefika chini ya goti. Zimefuliwa mara moja, watoto wa watu wanakaa darasani wanavuta pindo. Kinamama wote wamenijia mimi."

"Lakini mama, mimi napima mita kamili."

"Ndiyo tatizo lako, mwanangu. Yule mzee mwenye mdomo yuko wapi?"

Tajiri alitoka nyuma ya kioo. Alisema yuko stoo. Fundi akauliza kosa lake. Tajiri akasema wateja walilalamikia kauli.

"Wateja gani?"

Tajiri akaniangalia mimi. Fundi naye akageuka.

"Si wewe ulikuja na ubao wako hapo mlangoni, nikakwambia nimeridhika?"

"Ndiyo, mama."

"Na shoga yangu naye akakwambia hivyo hivyo, nimesimama pembeni yake. Sasa nani alilalamika?"

"Ni wastani, mama," nikasema.

Akanisukumia kikapu. "Basi mpe hizi sketi huyo wastani, azirefushe."

Tukapanda juu, tajiri, fundi na mimi. Mpimaji alikuwa amekaa juu ya jora anakula chungwa. Fundi akamwonyesha sketi. Aliipapasa pindo, akanusa, akasema, "Huyu kapewa mita tupu."

"Mita tupu ndiyo ipi?" tajiri akauliza.

Ndipo tulipojua. Kwa miaka yote, kila mita ya pamba aliyoipima, alipofika msumari wa pili aliweka vidole vitatu mbele yake ndipo akakata. Kaki vidole viwili. Tetroni hakuongeza kitu, kwa kuwa haipungui ikifuliwa. Kila aina mpya iliyoingia, alikata kipande, akakipeleka nyumbani, mkewe akakifua mara mbili, ndipo akaamua vidole. Ndiyo maana alichelewa kila jora jipya lilipofika, na ndiyo maana foleni yetu ilikwenda polepole.

"Unazidisha mali yangu?" tajiri aliuliza, lakini bila hasira.

"Sizidishi. Pamba inarudi. Mimi namuuzia mtu mita atakayokuwa nayo akishafua, siyo anayoiona hapa. Baba yako ndiye aliyenifundisha. Bei yake aliipanga na vidole vikiwa ndani."

"Mbona hukuniambia?"

"Hukuuliza."

"Wateja je, mbona huwaambii?"

"Ukimwambia mtu umempa vidole vitatu, kesho atataka mkono."

Nilisimama pale nikielewa kitu kimoja kimoja. Wateja waliipa kasi na kauli alama nyingi za umuhimu kwa sababu hayo waliyaona. Kipimo hawakukiwaza, kwa kuwa hakikuwahi kuwaumiza. Mimi nikaandika kwa wino wa buluu, kwa mkono wangu mzuri: punguza nguvu hapa.

Tajiri alimwomba ashuke. Mpimaji akasema atashuka, ila kwa sharti: yeye atapima, dada wa Moshi ataongea. Na ikawa hivyo. Dada aliuliza habari za watoto, yeye akaweka vidole. Mteja akimuuliza bei, alimwonyesha dada kwa kidevu. Mpango huo ulifanya kazi vizuri kuliko mpango wowote nilioubuni mimi, na fundi wa Ilala akarudi na wenzake wawili. Mchoro ukatolewa ukutani, fremu ikatiwa picha ya mungu wa mafanikio wa Wahindu, akapendeza zaidi.

Lakini tazama kilichobaki. Tulisahihisha kipimo. Kauli hakuna aliyeisahihisha. Mpimaji alirudi kaunta akiamini kwamba watu aliowahudumia tangu miaka ya foleni walisimama mlangoni, mmoja mmoja, wakasema mdomo wake umewachosha. Hakuwahi kulitaja tena. Aliacha tu kuongea nao. Kijana mmoja alikuja na mchumba kuchagua kitambaa cha harusi, akamtania mzee kusudi atukanwe kidogo, Mpimaji akapima, akakata, akakunja. Mama wa Buguruni aliniuliza kwa siri, "Mbona mzee wenu siku hizi anaringa?" Mimi nilikuwa na fomu zote kabatini. Nilijua alama ya kauli ya mzee ilikuwa ya juu. Ingenichukua dakika mbili kumwambia Mpimaji.

Sikumwambia. Ningemwambia yeye, angemwambia tajiri, na tajiri angejua nilichofanya na mstari. Na wakati huo maduka ya jirani yalikuwa yameanza kuniita niwachoree wao. Nilikuwa naitwa mtaalamu. Kila asubuhi nilipita kaunta nikasema shikamoo, akasema marahaba, nikaenda kukagua kufuli yangu.

Miaka ikapita. Tajiri alizeeka, wanawe hawakutaka vitambaa, duka likakodishwa kwa watu wa redio na kaseti. Mimi nikaanza kujitegemea, naenda duka hadi duka na ubao wangu, na siku hizi nawauliza wateja nje, mbali na mwenye mali. Hilo nililirekebisha mapema, kwa kuwa lilikuwa rahisi.

Nilimkuta Mpimaji Mchikichini, jioni jua likiwa bado kali. Yeye na mkewe walikuwa wanauza mapazia ya mitumba. Mke alisimama mbele akiongea na watu, yeye amekaa juu ya belo nyuma yake, anakunja.

"Shikamoo mzee. Shikamoo mama."

"Marahaba, karani," akasema. "Bado unawachora watu?"

Nilikuwa nimepanga maneno mengi kwa miaka mingi na yote yalinipotea. Niliokota kipande cha boksi, nikachuchumaa, nikachora vyumba vinne, mistari ikiwa pale inapostahili, kwenye tatu. Nikaweka vidoti vitano kwa kumbukumbu, maana nilivijua kama namba ya nyumba yangu.

"Mimi ni kipi?" akauliza.

"Hiki."

"Na hivi vingine?"

"Bei. Aina. Kasi. Kipimo, nacho ni wewe."

Alikishika kile kipande cha boksi kwa mikono miwili. "Mbona tumekaa chumba kimoja?"

"Ndivyo ilivyokuwa, mzee. Mimi niliuhamisha mstari. Hakuna mteja aliyelalamika. Walikupa nne na zaidi, karibu wote."

Mkewe alimrudishia mtu chenji. Kisha mzee akaniuliza, "Ulijua siku ile ile?"

"Ndiyo."

"Na ulikuwa unakuja kunisalimia kila siku."

"Ndiyo, mzee."

Alitikisa kichwa kidogo, kama mtu anayekubali kipimo. Halafu akasema, "Walikudanganya. Tajiri alikuwa nyuma yako. Nani angesema mbele yake?"

"Inawezekana. Lakini hawakusema kile nilichochora."

Akakitazama kile kipande cha boksi tena. Kisha akaita, "Mama, hebu njoo. Karani, sema tena ulivyosema. Asikie."

Nikasema tena, nimesimama, yule mama akinisikiliza huku ameshika pazia. Nilipomaliza alisema, "Nne kati ya tano? Hao hawajakaa naye nyumbani." Lakini alikuwa ameshika bega la mumewe, na hakuliachia.

Mteja akaja, kijana, akanyanyua pazia la kijani. "Mzee, hili litatosha dirisha langu?"

Mke alifungua mdomo kujibu. Mpimaji akamtangulia.

"Dirisha lako nimelionea wapi, mwanangu? Mimi si mwizi."

Kijana akacheka. Alinunua mawili. Mpimaji hakunitazama tena, na sikuona sababu ya kuomba anitazame. Nikawaaga.

Tangu siku hiyo mstari wa katikati nauweka mahali pake, hata mchoro ukitoka mbaya, na umetoka mbaya mara nyingi. Na pale ambapo kidoti ni kazi ya mtu mmoja, mtu huyo anauona mchoro kabla ya tajiri wake.